Tajiri, Funga Mwalo Upumue

Somo: Kutoka, sura ya 18



Leo sihubiri kwa vibarua. Leo nawageukia matajiri wa ukingo huu wa Ziwa Tanganyika. Nakuita wewe mwenye vyombo pale Katonga na Kibirizi, ambaye vijana wako wakishusha dagaa alfajiri wanakukuta umeshasimama mchangani na daftari mkononi, na giza likiingia wanakuacha hapohapo. Nakuita wewe wakala wa mizigo bandarini, unayelala na simu mbili kando ya sikio kwa sababu meli ya Bujumbura haina saa na mteja wa Kalemie hana subira. Nakuita wewe mama unayekusanya mawese vijijini na kuyapakia kwenda mbali, unayejua bei ya kila soko lakini hujui mara ya mwisho ulikula chakula cha mchana umekaa. Nakuita mwenye shule, mwenye zahanati, meneja wa benki, mwenyekiti wa SACCOS, mkandarasi, mwenye mabasi.

Nakuita wewe kwa sababu mfanyakazi wako ana mtetezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemwekea mwisho wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini sheria hiyohiyo, ikifika kwenye saa za kazi, inawaacha nje wasimamizi wanaoongoza wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Na wewe uliyejiajiri mwenyewe, nani alikuandikia likizo? Hakuna afisa kazi atakayekuja dukani kwako Mwanga kuuliza kwa nini mwenye duka halali. Umeachiwa nafsi yako uitawale, nawe unaitawala kwa ukatili ambao ungemfanyia kijana wako mmoja tu angekushtaki, na angeshinda!

MUSA KWENYE FOLENI

Fungueni Kutoka, sura ya 18. Musa ameshavuka Bahari ya Shamu. Farao amezama na magari yake. Maji yametoka mwambani, mana imeshuka. Kwa hesabu yoyote ya dunia hii, huyu ni kiongozi aliyefanikiwa. Kisha anakuja mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani, na tazameni amekuja na nani: amemletea Musa mke wake Sipora na wanawe wawili. Mkombozi wa taifa zima, mke na watoto walikuwa wanakaa kwa babu yao! Ndugu yangu, wako wanakaa wapi? Usiniambie wako nyumbani. Nauliza, wewe uko wapi wao wakiwa nyumbani?

Kesho yake Musa anaketi kuamua mashauri. Kuanzia kunapambazuka mpaka jua linatua, watu wamesimama mbele yake. Mmoja kaibiwa mbuzi, mwingine kagombana na jirani juu ya hema, wote wanamsubiri mtu mmoja. Kambi nzima ilikuwa inaliona jambo hili kila siku, na katika maelfu yale Maandiko hayamtaji hata mmoja aliyenyoosha mkono kusema, “Hapa pana tatizo.” Ilibidi atoke mgeni Midiani. Wenyeji walikwisha kuzoea. Hata sisi tumezoea. Tukimwona mtu hajapumzika mwaka wa tano tunampigia makofi: “Huyu mzee hachoki!” Makofi hayo, ndugu zangu, yamewazika wengi.

Yethro hakupiga makofi. Alimwambia mkwewe waziwazi kwamba anachokifanya hakifai, kwamba atachoka yeye, na watu anaowatumikia nao watachoka. Shikeni hilo la pili, maana ndilo tunalolisahau. Musa alidhani anajitoa kwa ajili ya watu. Yethro akamwonyesha watu wenyewe: wamesimama juani kutwa nzima, wanangoja neno moja ambalo mtu mwingine mwenye akili timamu angeweza kulitoa asubuhi. Tajiri, vijana wako wangapi wamekaa leo bila kazi kwa sababu funguo za stoo ziko mfukoni mwako na wewe uko benki? Wateja wangapi wameondoka kwa sababu bei anaijua mtu mmoja tu? Unajiita mhimili wa kazi, na kumbe ndipo kazi inapokwama.

Dawa ya Yethro ilikuwa wazi: tafuta watu wenye uwezo, wacha Mungu, wakweli, wanaochukia rushwa. Waweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa makumi. Madogo wayaamue wao, makubwa yaje kwako. Na Musa, aliyezungumza na Mungu kwenye kijiti kinachowaka moto, hakusema, “Wewe mzee wa Midiani utanifundisha nini?” Alisikia. Akafanya.

Sasa geuzeni ukurasa. Sura ya 19 Musa anaanza kupanda Sinai, na baadaye anakaa huko mlimani siku 40, anashuka na mbao za mawe. Mmeuona mpangilio huo? Sura ya 18 imetangulia! Mtu mwenye foleni mlangoni hapandi mlima wowote. Kama Yethro asingefika, Musa angekufa akiamua kesi za mbuzi, na amri kumi zingesubiri. Kuna kazi kubwa Mungu amekuwekea ambayo hujaiona bado, kwa sababu tangu mwaka uanze hujanyanyua kichwa kutoka kwenye daftari la madeni.

ALAMA TATU

Mtu ataniuliza, “Mchungaji, nitajuaje kama uchovu wangu ni wa kawaida au umepitiliza?” Swali zuri. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya. Halikuuita ugonjwa kama malaria. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa, likataja alama tatu. Jipimeni nazo mkiwa mmekaa hapo mlipo.

Alama ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Unalala, unaamka umechoka kama ulivyolala. Jumapili haisaidii, chai haisaidii.

Ya pili ni moyo kuiacha kazi huku mwili ukiwa bado kazini. Uliyeipenda biashara hii tangu ukiwa na beseni moja la dagaa, leo mteja akikohoa tu unamchukia. Kijana wako akija kusema amefiwa na mama yake, neno la kwanza linalokutoka ni, “Utarudi lini?” Ukishalisikia neno hilo likitoka kinywani mwako, shtuka! Hujawa mtu mbaya ghafla. Umechoka kiasi kwamba huruma imekauka.

Ya tatu ni uwezo kushuka. Hesabu uliyokuwa ukiipiga kichwani sasa unairudia mara tatu na bado haikai sawa. Uamuzi wa dakika tano unauahirisha wiki mbili. Na kwa sababu kazi haiendi unaongeza saa, na kwa kuongeza saa kazi inazidi kutokwenda.

Wala msidhani mwisho wake ni kununa tu. Mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Kwa mwaka 2016 peke yake walikadiria vifo 745,000 duniani kutokana na saa hizo ndefu. Gawa 55 kwa siku saba: haifiki hata saa nane kwa siku. Wewe ambaye hujui Jumamosi wala Jumapili, unapita hapo bila kutoa jasho. Tukisikia msibani kwamba marehemu “alianguka ghafla,” tujiulize hiyo ghafla ilichukua miaka mingapi kujengwa.

NJIA YA UJIJI

Twendeni Ujiji sasa, tukasimame penye miembe ya kumbukumbu, maana ardhi hii yetu ina mahubiri yake.

Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika ziwani hapa baada ya zaidi ya miezi saba njiani kutoka pwani. Walikuja kwa jambo moja: kuliona ziwa hili. Burton alifika hawezi kutembea, amebebwa, miguu imekataa. Speke alifika macho yanamuuma, yamefifia, karibu kipofu. Ziwa lenye urefu unaozidi kilomita 670 liko mbele ya uso wake, na yeye anaona ukungu na mng’ao tu! Ametembea nusu ya nchi kuja kuona, akafika hana macho.

Ndugu tajiri, hiyo ndiyo habari yako. Unaitafuta nyumba ya ghorofa kule Bangwe, na siku utakayoikamilisha hutakuwa na magoti ya kuipanda. Unawatafutia watoto maisha, na siku maisha yao yatakapotengemaa hawatakuwa na neno la kuzungumza nawe. Utafika, nakuhakikishia utafika. Naogopa tu kwamba utafika huoni.

Mlinganishe huyo na Musa. Kumbukumbu la Torati linamalizia kwa kumweka juu ya Mlima Nebo, ana umri wa miaka 120, na linatuambia kwamba macho yake yalikuwa bado mazima na nguvu zake hazijamwisha. Aliiona nchi yote kwa macho yake mwenyewe. Huyu ndiye yule aliyekuwa anaamua kesi kutwa nzima! Kati ya Musa wa foleni na Musa wa Nebo kuna ushauri mmoja aliousikia akaufuata.

Ujiji inatufundisha na la pili. Oktoba 1871 mmisionari David Livingstone alirudi hapa kutoka Nyangwe, ng’ambo ya ziwa, ambako Julai ya mwaka huo alikuwa ameshuhudia watu wakiuawa kwa bunduki sokoni. Amekonda, anaumwa, moyo umevunjika. Na mali aliyotumiwa akakuta imeshauzwa. Ndipo mwandishi wa habari Henry Stanley akamkuta. Stanley alimletea chakula, dawa na barua, wakasafiri pamoja mpaka Unyanyembe, na huko akamsihi arudi kwao kwanza akapate nafuu. Livingstone akakataa. Kazi haijaisha! Lazima chanzo cha Nile kipatikane! Machi 1872 wakaagana. Tarehe 1 Mei 1873 alikutwa amekufa katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa na miaka 60. Na mto Lualaba aliokuwa ameushikilia akidhani ndio mwanzo wa Nile, ulikuja kuonekana kuwa ni mwanzo wa mto Kongo.

Simlaani mzee yule. Alikuwa na shabaha na alikuwa na imani. Nasema hivi: “Kazi haijaisha” ni neno la kweli siku zote. Lilikuwa kweli kwake, litakuwa kweli kwako siku ya kuzikwa. Anayesubiri kazi iishe ndipo apumzike amekwisha kuamua kwamba hatapumzika.

Tena ulizeni, nani aliubeba mwili ule mpaka Bagamoyo? Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao, kwa miguu, miezi mingi. Njia hii ya Ujiji inajua vizuri jambo hilo. Haraka ya matajiri wa misafara ilibebwa na mabega ya wapagazi na shingo za watumwa; pembe za ndovu zilifika pwani, wengi waliozibeba hawakufika. Mpaka leo uchovu wa mkubwa haukai kwake peke yake. Unashuka. Unakuwa tusi kwa karani, mshahara uliocheleweshwa kwa kusahau, kofi kwa mtoto, chombo kilichotumwa ziwani usiku ambao mtu mwenye kichwa kilichotulia angeona upepo na kusema, “Leo hapana.” Kwa hiyo usiniambie, “Niacheni, ni mwili wangu.” Si mwili wako peke yako!

ZIWA LILIPOFUNGWA

Sasa nisikilizeni wana wa mwaloni. Tarehe 15 Mei 2024 mliambiwa mtoe nyavu majini. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana na kukua. Mlilalamika, na malalamiko yenu yalikuwa na haki: watoto wanakula, mkopo haujui Mei wala Agosti. Lakini wavuvi mlijua kwa nini imefika hapo. Migebuka walikuwa wanapungua, dagaa wanakuja wadogo, na kila mmoja anaongeza taa na kuongeza wavu ili kufidia. Mnakumbuka nilichosema juu ya mtu anayeongeza saa kwa sababu kazi haiendi? Ni hilohilo.

Na ziwa hili linadanganya macho. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani linapitwa na Baikal peke yake. Ukilitazama unasema halina mwisho. Lakini wataalamu wanatuambia hewa ya kuvutwa na samaki iko tabaka la juu tu. Ukishapita mita mia moja na kitu mpaka mia mbili hivi, chini yake ni maji yasiyo na hewa, samaki hawaishi. Uhai wote tunaoutegemea umekaa kwenye sehemu nyembamba ya juu. Hivyo ndivyo ulivyo, tajiri. Watu wanakutazama wanasema, “Mzee huyu ana kina.” Kweli unacho! Lakini nguvu inayozaa ndani yako ni tabaka jembamba, na unalivua usiku na mchana bila kuliachia msimu.

Jifunzeni kwa namna lilivyofungwa. Kwanza, liliwekewa tarehe. Hakuna aliyesema, “Tutalifunga mambo yakitulia.” Ilitajwa siku ya kufunga na siku ya kufungua, kila mtu akajua kabla. Mapumziko yako hayaji kwa sababu hayana tarehe. Pili, lilifungwa kweli. Hukuruhusiwa kwenda kuvua kidogo tu saa za jioni. Na wewe ukienda kwenu Kasulu kupumzika huku unaagiza bei kwa simu kila dakika kumi, hujaondoka Kigoma. Tatu, kufunga kulikuwa na kazi yake. Hata kabla ya amri hiyo, wazee wa ziwa hili walikuwa na zuio lao: mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haivuti dagaa, vyombo vinapumzika, watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanaoa, wanazika, wanasuluhisha ugomvi. Hakuna mvuvi aliyeitwa mvivu kwa kutokwenda majini mwezi ukiwa mpevu. Mungu mwenyewe aliwawashia taa juu, kubwa kuliko zenu, mkatii. Matajiri wa nchi kavu ndio hatuna mbalamwezi.

“LAKINI MCHUNGAJI…”

Nawasikia. “Lakini mchungaji, nikiondoka wataniiba.” Tena mtanishika kwa Maandiko mniambie, “Musa alipokaa mlimani siku 40, si watu wakatengeneza ndama wa dhahabu?” Kweli! Wakatengeneza, na msimamizi aliyeachwa ndiye aliyekusanya vipuli. Lakini endeleeni kusoma, msiishie sura ya 32. Musa alishuka, akamsaga yule ndama, akawahesabia watu kosa lao. Na sura ya 34 inasema nini? Akapanda tena! Siku 40 nyingine! Hakusema, “Basi, tangu leo sitoki kambini.” Wizi ukitokea, safisha, badilisha mtu, kaza taratibu, kisha upande tena. Ndama ni sababu ya kumchagua msimamizi vizuri zaidi. Hajawahi kuwa sababu ya kufuta mlima.

Na taratibu zipo. Mzigo unaoingia uhesabiwe na watu wawili, waandike wote wawili. Pesa ya siku ilale benki, isilale kwenye droo. Hundi iwe na sahihi mbili. Risiti itolewe kwa kila mauzo. Anayeuza asiwe ndiye anayetunza stoo. Sikilizeni vizuri: biashara isiyoweza kuachwa siku saba bila kuibiwa, hata ukiwepo inaibiwa. Uchovu wako ndio unaomficha mwizi.

“Lakini mchungaji, mkopo.” Hapa nasema kwa huruma na kwa ukali pamoja. Kama umechukua mkopo wa kausha damu kulipa kausha damu nyingine, usingizi hautakuja kwa maombi peke yake. Nenda kaseme. Nenda benki au SACCOS yako kabla hujachelewa rejesho, uombe ratiba mpya, kichwa kikiwa bado kinaweza kupanga. Mwite mke wako, mwite mume wako, mweleze deni lote, hata lile ulilolificha. Nusu ya uzito wa deni ni kulibeba peke yako.

“Lakini mchungaji, mimi nina meza moja ya dagaa sokoni, nisipouza leo hatuli leo.” Mama yangu, moto wa mahubiri haya haukuelekea kwako. Sitakutwisha mapumziko kama mzigo mwingine kichwani. Kwako nasema tafuta mwenzako wa meza ya jirani, mpokezane zamu: leo yeye auze zako, kesho wewe uuze zake. Na ninyi wenye maduka makubwa mnaomkopesha mama huyu mzigo, mpeni siku mbili zaidi za kulipa. Mapumziko ya maskini yako mikononi mwenu, na Mungu atawauliza.

KAZI ISIYOTEGEMEA MTU MMOJA

Anayedhani kuachia ni kubomoa apande boti pale Kibirizi aende Gombe. Julai 1960 Jane Goodall, msichana wa miaka 26, aliteremka kwenye ufuko ule kuwachunguza sokwe. Miaka ikaenda, kituo kikakua, wanafunzi wakaja kutoka nje. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng’ambo ya ziwa wakawateka wanafunzi wanne. Wageni wakaondolewa. Hapo ndipo kazi ingekufa! Haikufa, kwa sababu Watanzania wa vijiji vya ufukweni walikuwa wamefundishwa kuwafuata sokwe msituni na kuandika kila walichokiona. Waliendelea kuandika. Goodall akafariki Oktoba 2025, ana miaka 91, na utafiti wa Gombe upo, miongoni mwa tafiti ndefu kuliko zote duniani za wanyama wa porini. Mtasema mwenyewe alizunguka dunia akihutubia mpaka siku zake za mwisho. Ndiyo, na aliweza kuzunguka kwa sababu msitu haukuwa umemkalia shingoni. Kazi inayodumu miaka 65 ni ile iliyopata mikono mingine mapema, kabla balaa haijalazimisha.

MWITO

Kwa hiyo naita, na sitaki mkono wa hewani, nataka kalamu.

Andika leo siku yako moja ya wiki. Ndugu zetu Waislamu wa Ujiji, mnafunga maduka Ijumaa adhuhuri mnakwenda kuswali, na soko halijawahi kuanguka kwa sababu hiyo. Ongezeni saa za kulala juu ya hapo. Wasabato mnayo Jumamosi yenu, ilindeni. Sisi wa Jumapili tuache kuifanya siku ya kufunga hesabu za wiki. Mungu aliyeumba mbingu na nchi alistarehe siku ya saba. Wewe uliyeumba duka la vifaa vya ujenzi, umemzidi nini?

Andika wiki mbili za mwaka huu, kwa tarehe, uwape familia nakala. Andika jina la mtu mmoja utakayemkabidhi funguo, anza kumfundisha Jumatatu, umwachie kwanza asubuhi moja, kisha siku, kisha juma. Andika mambo matatu tu ambayo lazima yafike kwako. Mengine yote yaamuliwe na makumi na hamsini wako.

Nenda hospitali ya Maweni ukapime presha na sukari. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mtu akuulizie dawa. Na kama umefika mahali ambapo asubuhi unatamani usingeamka, mwambie mtu leo, na umwone daktari leo. Eliya nabii, siku chache baada ya ushindi wa Karmeli, alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale. Akamwamsha akampa tena. Mahubiri yalikuja baadaye, baada ya kula na kulala mara mbili! Wachungaji wenzangu, tujifunze hapo: mtu aliyechoka akija kwetu, tumwulize amekula lini kabla hatujamwongezea kamati.

Na wewe unayesema rohoni, “Bila mimi hakuna kitu,” hapo ndipo nyundo yangu inapoangukia. Huko ni kujipa kiti ambacho si chako. Kigoma ilikuwapo hujazaliwa. Reli ilifika hapa mwaka 1914 bila wewe, na mwisho wa reli patabaki kuwa mwisho wa reli ukiwa kaburini. Tubu kiburi hicho, maana ndicho baba wa uchovu wako. Mungu hakukuomba uwe mhimili wa dunia. Amekuomba uwe mwaminifu leo, ukalale, na kesho uwe mwaminifu tena, miaka mingi, mpaka uzeeni, macho yako yakiwa bado yanaona.

Baba wa rehema, wape matajiri wa ziwa hili wakwe kama Yethro, wenye ujasiri wa kuwaambia ukweli. Wape masikio ya Musa ya kuusikia. Ondoa hofu ya kuibiwa, ondoa aibu ya kupumzika, vunja kiburi cha kutokukosekana. Wabariki vijana wanaokwenda kukabidhiwa funguo, wawe wakweli, wachukie rushwa. Amina.

Haya, kalamu mkononi. Siku gani?